Nyigu Katika Chumba cha Kufulia

Jumapili, 16 Novemba

Mbweha wamefungwa tena katika mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi. Jana, uwanjani kwao, na timu ambayo mchezaji wake mmoja alicheza nusu ya pili na kiatu kimoja. Tangu hapo Baba hajasema na mtu. Anasema na mbwa tu.

Leo nilipanga kumwambia. Sikumwambia.

Naandika hapa kwa sababu kuandika hakuhitaji kumtazama mtu usoni. Nimekubaliwa Chuo cha Salter. Naanza Januari. Nitasomea hali ya hewa: mawingu, mvua ya mawe, vimbunga, vitu vyote ambavyo hapa Kansas vinaweza kuondoka na gereji yako wakati unakula. Chuo cha Dunmore hawafundishi hali ya hewa. Wangefundisha, nisingekuwa na shida.

Shida ni kwamba timu ya Salter ndiyo Nyigu. Njano na nyeusi. Dunmore ndio Mbweha. Kijani. Na Baba ni Mbweha mpaka kwenye soksi. Hakusoma Dunmore; hakusoma chuo chochote. Aliezeka paa la bweni lao moja kabla sijazaliwa, na tangu siku hiyo husema "sisi". Sisi tumefungwa. Sisi hatuna ulinzi. Sisi tunahitaji kocha mwenye akili.

Salter wanataka jibu langu ifikapo Jumatatu ya kwanza ya Desemba. Mechi ya mwisho ya msimu ni Jumamosi kabla yake. Mbweha na Nyigu.

Mpango: kusubiri Mbweha washinde, kisha kusema haraka. Baba akiwa na furaha hukubali chochote. Ushindi mmoja ulituletea mbwa.

Dosari ya mpango: hawajashinda tangu Septemba.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeamua kusaidia timu. Si uwanjani. Hapa nyumbani, ambako kwa mujibu wa Baba ndiko mechi zinakoamuliwa.

Sheria zake nazijua tangu nikiwa mdogo. Mbele ya televisheni hukaa ukingoni mwa kochi, upande wa kushoto. Fulana yake ya kijani haifuliwi mpaka msimu uishe, maana ilishinda mechi ikiwa chafu. Maharagwe ya nyama na pilipili yanakorogwa wakati wa mapumziko tu, na mikate ya mdalasini inaliwa baada yake, si kabla. Sheria kuu kuliko zote: Mbweha wakipata pointi, kila mtu anabaki pale pale alipo.

Nilikuwa barazani nikimlisha mbwa wakati mchezaji wetu alipovuka mstari na mpira na kupata pointi. Baba akaja dirishani. Akaninyooshea kiganja. Kaa hapo.

Nikakaa. Kwa ndara za nyumbani. Upepo ulikuwa wa kaskazini-magharibi, wenye theluji kidogo. Niliupima kwa magoti. Mbwa aliruhusiwa kuingia. Kupitia kioo nilimwona Baba akila maharagwe yangu.

Bwana Fenske, jirani yetu, alipita akaniuliza ninafanya nini nje. Nikamwambia tunaongoza. Hakuuliza zaidi. Alikwenda kwake akaniletea glavu.

Robo ya tatu nilizidiwa na haja ndogo. Nikapenya kwa mlango wa nyuma, taratibu kama mwizi. Nikiwa bado nafunga mlango, mshika mpira wetu akaudondosha. Ukaruka, ukadunda, ukaingia mikononi mwa adui. Tukafungwa.

Baba hakunilaumu. Alisema, "Sisemi ni wewe," akiangalia ndara zangu.

Jumanne, 25 Novemba

Mpango mpya: kumzoesha rangi. Mtu akiona njano kila siku ataacha kuiogopa. Niliwaza hivi nikiwa kazini kwenye duka la mikate, nikipanga mikate, nikajiona mwerevu mno.

Nilinunua sifongo ya njano ya kuoshea vyombo. Nikaiweka kwenye sinki bila kusema kitu.

Nilikuwa nimesahau kwamba hii ndiyo wiki yenyewe. Katika wiki ya Nyigu, haradali ya njano huhamishiwa gereji. Ndizi hazinunuliwi. Baba aliiona sifongo, akaibeba kwa koleo la nyama choma, akaipeleka gereji ikakae na haradali. Kisha aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Shangazi Nadine amekuja na atalala hapa mpaka Jumapili. Yeye ni dada mkubwa wa Baba na alisoma Salter. Kila mwaka Baba humwambia aache skafu yake garini. Kila mwaka huiacha, kisha anavua viatu na chini ana soksi za njano zenye picha za nyigu.

Yeye ndiye mtu pekee anayejua. Ndiye aliyenisaidia kuomba nafasi. Leo alinibana jikoni nikiwa na mkono ndani ya bata mzinga. Alisema nimwambie Baba kabla mechi ya Jumamosi haijaisha. Nisipofanya hivyo atasema yeye, na atasema akiwa amevaa jezi kamili ya Nyigu. Anayo kwenye begi. Alinionyesha mkono mmoja wa jezi hiyo.

Mezani kila mtu alitoa shukrani zake. Baba alimshukuru Mungu kwa afya, kwa paa, na kwa beki mpya wa Mbweha ambaye anaweza kurudi mwakani akipona goti. Shangazi alishukuru kwa vijana wenye ujasiri, akinikodolea macho.

Zamu yangu. Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwepo kabisa, yamejipanga.

Nikamshukuru bata mzinga.

Shangazi alinipiga teke chini ya meza. Teke likampata mbwa.

Ijumaa, 28 Novemba

Balaa.

Fulana ya Baba hutundikwa kwenye korido, karibu na chumba anacholala Shangazi. Shangazi alisema asubuhi kwamba kwa harufu yake, usiku kucha alihisi kuna mtu amesimama pale. Kwa hiyo aliitia kwenye mashine ya kufulia, bila kumwambia mtu, akaenda kuoga.

Mimi nikaja na aproni zangu nyeupe za kazini. Sikuangalia ndani. Nikatia aproni. Nikatia jiki. Nikatia nyingi, maana aproni zilikuwa na madoa ya mdalasini.

Fulana ilitoka njano.

Si njano kama ya Nyigu. Ni njano kama haradali iliyokaa juani. Lakini hakuna mtu mwenye macho angeiita kijani. Nimeificha nyuma ya mashine. Shangazi alipoiona ilibidi ashikilie ukuta kwa kucheka. Nilimwambia kosa ni letu sote. Akasema yeye alitia maji na sabuni tu, kama Mkristo.

Baada ya hapo nilifanya mazoezi mbele ya mbwa. Baba, nimekubaliwa Salter, naenda kuwa Nyigu. Mara ya kwanza mbwa alisikiliza. Mara ya pili aliondoka.

Jumamosi, 29 Novemba

Nitajitahidi kufuata mpangilio.

Mechi ilikuwa inaanza. Baba akatafuta fulana. Koridoni hakuna. Chumbani hakuna. Akaanza kupumua kwa pua. Nikasema nitaangalia kwenye chumba cha kufulia, nikaingia, nikajifungia, nikasimama nikiwaza kama dirisha lile linanitosha.

Ndipo sebuleni kukalipuka shangwe. Mbweha wameudaka mpira wa kwanza kabisa na kukimbia nao uwanja mzima. Hawajawahi. Baba akaja mbio mpaka mlangoni akauliza niko wapi hasa. Nikasema mbele ya mashine. Akasema basi nisisogee hata unyayo.

Akaomba fulana. Nilifungua mlango upana wa kiganja, nikaipitisha.

Mkono wake ukaigeuza mbele na nyuma.

Nikasema imefuliwa. Nilimsikia Shangazi akipiga picha. Lakini tulikuwa tunaongoza, na fulana ni fulana. Baba akaivaa.

Kwa hiyo mechi yote niliisikia kwa mlango, nimekaa juu ya kapu la nguo chafu. Robo ya kwanza yetu. Ya pili yao. Ya tatu yao zaidi. Shangazi aliimba wimbo wa Nyigu, beti zote. Ilipofika mwisho wa robo ya nne Nyigu walikuwa mbele kidogo, mpira wanao, na wakivuka mstari mara moja tu habari imekwisha. Shangazi akasema kwa sauti ya kunifikia kwamba muda unakwenda, Leora, na begi lake liko karibu.

Nilisikia zipu.

Sijui kilichonipata. Labda mlango. Mlango hauna uso. Nikaweka mdomo kwenye mbao na kusema, "Baba, nimekubaliwa Salter. Naenda kuwa Nyigu."

Nikabana sikio kwenye mbao.

Kisha kelele. Beki wetu mwingine amerukia pasi ya Nyigu na kuidaka. Mpira wetu! Nikasikia miguu ya Baba koridoni, mizito. Ikasimama upande wa pili wa mlango.

"Sema tena," alisema.

"Baba, naweza kueleza—"

"Usieleze. Maneno yale yale, sauti ile ile. Wanajipanga sasa hivi."

Nikasema. Tukasogea mbele. Akagonga mlango. Nikasema tena. Tukasogea tena. Safari moja nilifupisha, nikasema naenda Salter tu, na mchezaji wetu akaangushwa nyuma kabisa. Baba akaupiga mlango kwa kiganja.

"Na 'nimekubaliwa' iko wapi? Usiniharibie, mwanangu."

Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikiitwa jina naitikia kwa kunyanyua kidole, nilikuwa sasa napiga kelele. Baba, nimekubaliwa Salter! Shangazi alikuja naye mlangoni, akiwa amevaa jezi nusu, mkono mmoja ndani, akinisihi ninyamaze. Alisema hakuna haraka. Alisema habari hii ingesubiri hata Pasaka.

Mchezo wa mwisho. Nikasema yote, polepole, neno kwa neno. Mpira ukapigwa ukapita kati ya nguzo.

Tumeshinda. Sisi.

Baba alifungua mlango, akaninyanyua kutoka kwenye kapu na kunilowesha bega kwa machozi. Fulana ilinuka jiki. Shangazi alikaa sakafuni koridoni na soksi zake.

Jumapili, 30 Novemba

Shangazi ameondoka mapema bila kumaliza kahawa.

Baba alikuwa mezani na mkate wa mdalasini. Alinimegea nusu. Akaniuliza, akiangalia sahani, kama yale maneno ya jana yalikuwa ya mechi tu au yalikuwa na ukweli ndani yake.

Ilikuwa rahisi mno kusema ya mechi tu. Mdomo ulishaanza kujipanga hivyo. Lakini kesho ndiyo mwisho, na sikuwa na mlango.

Nikasema, "Ya kweli."

Alitafuna muda mrefu. Aliuliza kama hawa Salter wanafundisha habari za mvua ya mawe. Nikasema ndiyo, na kwamba wana mtambo wa kuiona ikiwa bado mbali. Akasema mtambo kama huo ungemwokolea mapaa mengi. Akatafuna tena.

Kisha akasema niende. Ila kwa sharti moja. Kila mwaka, Jumamosi ya Nyigu, nitarudi nyumbani, nitaingia chumba cha kufulia, na nitasema yale maneno tangu mwanzo wa mechi mpaka mwisho. Ameshapeleka kiti kule. Ameweka na mto.

"Sisi hatushindi bila wewe," alisema.

Nikasema sawa papo hapo. Tukashikana mikono. Nikawatumia Salter jibu yeye akiwa amesimama nyuma yangu, akisoma kila herufi kama anasaini mkataba wa amani.

Kuna kitu kidogo ambacho sikukitaja.

Wanafunzi wa hali ya hewa wa Salter, kila mechi inayochezwa uwanjani kwao, hupanda juu ya paa la uwanja kuangalia radi. Ni sehemu ya masomo. Huvaa makoti ya njano. Televisheni huwaonyesha kila mapumziko, wakipunga mikono. Na mechi ya Mbweha na Nyigu ya mwakani inachezwa Salter.

Ningemwambia pale pale. Mkono wangu alikuwa ameushika. Lakini alikuwa ametabasamu, na meno yake siyaoni mara nyingi.

Nimepata mpango mzuri zaidi. Dunmore wana timu ya mpira wa kikapu pia. Wanacheza keshokutwa. Kocha wao amejiuzulu na mchezaji wao mrefu ana mafua, lakini Baba anasema safari hii ana hisia nzuri.