Chai ya Mama wa Hull

Jumatano, 5 Desemba 1956. Msambweni.

Tangu nirudi kutoka Uingereza mwezi uliopita hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza habari za vyama vya ushirika. Mwaka mzima nimevisomea mjini Hull! Wao wanauliza kama ni kweli jua huko linakuchwa saa kumi. Basi. Jumamosi Mzee Mbwana ameniandalia baraza uani kwake, niwaeleze watu maisha ya mwanafunzi ng'ambo. Mzee Mbwana ndiye baba yake Mwanatumu, msichana anayefundisha watoto wa darasa la kwanza, na mimi Mwanatumu namtaka. Nitazungumza vizuri, mzee atavutiwa, Jumapili mama atapeleka posa. Nani wa kunishinda? Mwalimu Chirau? Yeye kasomea Unguja tu!

Jumamosi, 8 Desemba.

Nilivaa koti la sufu. Ndiyo, Desemba. Bila koti watu watajuaje kama nilikwenda? Jasho lilinitiririka mpaka viatuni. Lakini ua ulijaa, na Mwanatumu alisimama mlangoni na wanawake wenzake, hapepesi macho. Nikawapa theluji. Nikawapa maktaba ambamo hata wanawake huingia na kujichagulia vitabu. Hapo nikamwona akitabasamu, kichwa kikanivimba, nikaongeza kwamba kila asubuhi mwanamke wa kizungu aliniletea chai kitandani.

Chirau, fitina tupu, akauliza kwa adabu kubwa kama huyo shemeji yetu hajambo. Watu wakaangua kicheko. Nikakaa chini na koti langu.

Jumapili, 9 Desemba.

Posa haikwenda. Mama amerudi kisimani analia: mji mzima unasema nimeacha mke Hull. Mzee Mbwana kasema binti yake hatakuwa mke mwenza wa mzungu. Mke! Yule mwenye nyumba niliyopanga ana miaka sabini na meno ya kununua! Sina budi kwenda kwa mzee nikaseme kweli.

Jumanne, 11 Desemba.

Nimekwenda. Shikamoo, marahaba, kahawa. Nikamweleza kwamba aliyeniletea chai alikuwa bibi kizee. Mzee akanikazia macho, akaniuliza kama sikuona haya kumtumikisha bibi wa umri huo, nami nimelala. Ya Rabi! Nikaapa kwamba kila jioni nilimwoshea vyombo na kumbebea makaa. Kumbe nilikuwa boi, akasema, na maboi wapo hata Diani, hakuna haja ya kuvuka bahari.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kwamba nilikula viazi vya kuchemsha, nililia peke yangu kwa baridi na upweke, na mtihani nikafaulu vilevile. Nyuma ya pazia palikuwa na mtu; nilijua ni Mwanatumu, nikapandisha sauti. Nikasema aliyesoma ng'ambo harudi yule yule, na ningepata nafasi ningekwenda tena kesho. Maneno mazuri kabisa! Nilitoka na matumaini tele.

Alhamisi, 20 Desemba.

Nimekatwa maini. Mwanatumu amemwambia baba yake anataka kwenda Unguja kusomea ualimu. Amesema kama Abdurahman, yaani mimi, aliweza, na alivyo, yeye hatashindwa. Na alivyo! Mzee alikataa, akauliza atakaa kwa nani. Chirau akadakia kwamba yeye ana shangazi huko, mjane mcha Mungu, mwenye chumba. Mzee akaridhika. Kisha Chirau akaposa, akasema atamngoja mpaka amalize masomo. Mwanatumu alipoulizwa, akakubali. Kukubali gani huko? Hotuba ni yangu mimi!

Jumamosi, 5 Januari 1957.

Nilikwenda kumuaga. Alinishukuru mbele ya wote, akasema kabla ya kunisikia hakuwahi kudhani kwamba msichana wa hapa angeweza kwenda. Akaniomba nasaha. Nikamwambia avae soksi mbilimbili. Unguja! Nampenda na anakwenda, na nimempeleka mimi mwenyewe.

Jioni akili imenirudia. Kosa halikuwa langu. Yule alikuwa na hamu ya kusafiri tangu zamani, nisingejua. Sasa, kijijini Galu yuko msichana Mwanarusi, bintiye Mzee Boga. Mpole, anapenda kwao, hata Mombasa hataki kufika. Huyo ndiye wangu. Nimekwisha kumwomba Mzee Boga baraza. Nitamsimulia Mwanarusi habari za ng'ambo mpaka hamu imwingie.