Helmeti Iliyooshwa kwa Petroli

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimefedheheka mbele ya kijiwe kizima. Mkunga wa zahanati anatafuta dereva mmoja wa pikipiki, wa kumzungusha nyumba kwa nyumba kuwaona wazazi waliojifungua. Kazi ya kila siku, tena ya heshima. Nikawahi mimi. Nikampa helmeti ya abiria. Akainusa kabla ya kuivaa. Akanirudishia taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu, akaniuliza ni nini kilichofia humo ndani. Akapanda kwa Marashi.

Marashi ni dereva mwenzangu. Jina tumempa sisi, kwa sababu helmeti zake hunukia na kung'aa hata msimu wa tope. Simchukii. Namtazama sana tu.

Mkunga ataamua Ijumaa. Bado nina nafasi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemzunguka Marashi. Nimeanza na habari za mvua, nikaja za mafundi, mwisho nikamuuliza kijuujuu helmeti zake anazisafishaje. Mwingine angeficha. Yeye amenimwagia yote. Sponji za ndani zitolewe, zifuliwe peke yake. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kama ya kuogeshea watoto, kitambaa laini. Kioo kisisuguliwe kikavu, vumbi lina mchanga. Kila kitu kikauke kivulini. Polishi ya plastiki kidogo juu ya ganda, basi.

"Na petroli isiguse kabisa, ndugu yangu," akasema. "Inakula ganda, wewe huoni."

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Mshindani hatoi siri bure. Sabuni ya watoto, mtu mzima na ndevu zake. Akili ni nywele, na mimi nina zangu. Kama amekazania petroli isiguse, basi siri ni petroli.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kazi imefanyika uani, ndani ya beseni la kufulia. Mke wangu ametoka, ameuliza kwa nini nyumba inanuka kama gereji. Nimemjibu kuwa ni mambo ya biashara. Akazima jiko, akawapeleka watoto kwa jirani, akarudi kusimama mlangoni, mikono kiunoni. Amesema hata yeye asiyeendesha anajua petroli si maji ya kuogea. Sikubishana. Mtu mwenye mpango habishani.

Matokeo: uchafu umetoka. Rangi nayo imetoka. Kioo kimeingia ukungu mweupe. Lile boya la ndani linalokinga kichwa limenywea, limejaa vishimo kama mkate uliotembelewa na panya. Nimeijaribu. Imekuwa pana. Jambo jema, sasa itaingia vichwa vya kila namna.

Nimemalizia kwa polishi ya viatu. Nyeusi tii.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika nimelala. Kichwa kina nyuzi, bega halinyanyuki.

Mkunga alikuja asubuhi. Akaishika helmeti, vidole vikawa vyeusi, vikagusa sare yake nyeupe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaenda kwa Marashi, wakaondoka.

Aibu ikanipanda. Nikaivaa helmeti ile mwenyewe, nikawafuata, angalau waione inavyong'aa. Kwenye kona, jua likanipiga usoni. Kupitia kile kioo sikuona barabara wala mtu, nikaona weupe mtupu. Nikaparamia lundo la kokoto. Nakumbuka mlio mmoja, kama yai linapogongwa kwenye ukingo wa bakuli.

Waliosikia kishindo ni wao. Marashi amenibeba mgongoni mpaka zahanati. Mkunga amenishona. Mikono yake ilikuwa miepesi, na hakuniuliza lolote kuhusu polishi.

Jioni mke wangu ameletewa ile helmeti. Imepasuka kuanzia paji mpaka kisogoni. Amepitisha kidole kwenye ufa, kikatokea upande wa pili.

"Baba watoto," akasema, "humu mlikuwa na kichwa."

Nikamwambia ndiyo. Akainuka akaenda jikoni. Nimemsikia akilia chinichini, yule mwanamke ambaye tangu nimuoe sijamsikia akilia. Nimegeukia ukutani. Bega likaniuma zaidi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Marashi amekuja kunijulia hali. Amekuja na helmeti yake ya akiba, karibu mpya, inanukia sabuni. Amesema niichukue. Amesema pia kazi ya mkunga ni kubwa kwa mtu mmoja, ameshazungumza naye, nikipona tutagawana. Mke wangu amemshukuru mpaka sauti imekatika. Nami nimeshukuru. Kisha nikamtazama.

Hakuna mtu anayetoa helmeti, na kazi, na kumbeba mwenzake mgongoni, hivi hivi tu. Kuna kitu anakilinda.

Kimemponyoka wakati wa kuaga. Pikipiki yangu ameiona pale nje. Amesema diski ya breki ya mbele imeshika kutu, niisugue vizuri kabla sijarudi barabarani. Akafika mlangoni, akageuka, akasema kwa mkazo kwamba hata tone moja la mafuta lisiguse breki.

Nimetulia. Nimetafakari.

Mke wangu ametoka kumsindikiza. Jikoni kuna mafuta ya kupikia, chupa nzima.