Malalamiko Dhidi ya Kompyuta Inayotii Mno

Kwa Shemeji,
Mtaalamu wa Kompyuta na Mdogo wa Mke Wangu,
Huko uliko.

Shemeji mheshimiwa,

YAH: KOMPYUTA NDOGO ULIYOTUACHIA, NA TABIA ZAKE

Nyumbani wote ni wazima, isipokuwa mimi, na sababu za kutokuwa mzima kwangu ndizo zilizonifanya nikuandikie. Natumia kalamu na karatasi kwa makusudi. Kwa sasa sikiamini kitu chochote chenye kibodi, na simu yangu, kama ujuavyo, husomwa na wengi.

Utakumbuka ulipokuja likizo ulituachia kompyuta yenye ukubwa wa kisahani cha sabuni, pamoja na ukurasa wa maelekezo ya kuiwekea Linux, ule mfumo wa kuiendesha. Juu kabisa ya ukurasa uliandika, “Rahisi tu, shemeji.” Nia ilikuwa njema. Picha za marehemu baba yenu, ambazo zote zimo kwenye diski moja ya nje, zingehamia humo. Kompyuta ingekaa rafuni, imewaka mchana na usiku, na mama akitaka kumwona mumewe angebonyeza rimoti ya televisheni tu, bila kumbembeleza mtu amfungulie laptop. Mama aliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa. Tangu siku ile, kila nikirudi kazini, kabla sijamaliza kuvua viatu, huniuliza:

“Mkwe, mzee amefika?”

“Yuko njiani, mama,” hujibu.

Shemeji, mzee amekaa njiani muda mrefu sana. Ndipo nikaona niyaweke malalamiko yangu kwa maandishi, kwa utaratibu, kama tunavyofanya kule bohari.

1. Kuhusu umeme. Ulinihakikishia kwamba kompyuta hii inakula umeme kidogo kuliko taa ya msalani. Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe. Friji yetu inanguruma, inatetemeka, usiku inakohoa, na hakuna mtu anayeigusa ovyo. Hii yako haina hata feni. Dada yako aliisogelea akaitegea sikio.

“Kimewaka?”

“Kimewaka.”

“Kinafanya nini sasa?”

“Kinahudumia.”

“Kinamhudumia nani?”

Mama naye ameshaichomoa zaidi ya mara moja ili achaji simu yake. Nilipomwuliza, alinishika bega kwa upole akasema, “Mwanangu, nilidhani kimekufa, nikaona umeme usipotee bure.” Naomba watengenezaji waipe sauti yoyote, hata ya uongo.

2. Kuhusu kunyimwa ruhusa. Nilifuata maelekezo yako neno kwa neno. Nikaandika amri. Mashine ikanijibu kwamba ruhusa imekataliwa. Nikadhani haijanitambua, nikaingiza tena jina na nenosiri. Ikanikaribisha vizuri, kwa jina langu kamili, kisha ikaninyima ruhusa tena. Yaani inanijua, na kwa sababu inanijua ndiyo maana inakataa. Nimekaa sebuleni kwangu, kwenye meza yangu, nakatazwa na kitu kinachoenea mfukoni.

Baadaye nikagundua, chini ya ukurasa wako, kwa herufi ndogo, kwamba amri nzito hutanguliwa na neno “sudo”, ambalo ni namna ya kuiambia mashine kwamba aliyeongea ni mkubwa wake. Nilipolijua neno hilo, shemeji, sitakuficha, kichwa kilivimba. Nililiweka mbele ya kila kitu. Na kila nilipoliandika, mashine ilinyamaza ikafanya. Utii huo ndio nitakaoulalamikia katika lalamiko la nne, lakini tusiruke.

3. Kuhusu skrini. Ulielekeza kwamba Linux ikishakaa sawa nichomoe skrini na kibodi, niiongoze kutoka kwenye laptop ya dada yako kwa kupitia mtandao. Nilichomoa. Kompyuta ikapotea. Simaanishi iliibwa. Ilikuwa rafuni, naiona kwa macho yangu mawili, nimeweka na mkono juu yake, lakini laptop ilishikilia kwamba hakuna kitu kama hicho ndani ya nyumba. Nikabishana nayo jioni nzima. Nikaiwasha upya, nikabadilisha namba za anwani, nikasoma kurasa za watu waliopatwa na mkasa kama wangu, ambao wote waliishia kuandika “nimeshapata, asanteni” bila kusema walipata nini. Mwishowe dada yako, akipita na ufagio, aliusukuma waya wa mtandao ukaingia vizuri kwenye tundu lake, ukalia “tik”. Kompyuta ikaonekana. Dada yako akaendelea kufagia. Ningependa kuliandikia hilo lalamiko lake pekee, ila karatasi haitoshi.

4. Kuhusu utii. Hili ndilo kubwa. Kama umesimama, kaa.

Siku ya kusakinisha nilichomeka vitu vyote kwa pamoja: flashi yenye Linux, kibodi, skrini, na diski ya picha za mzee. Hukuniambia nisifanye hivyo. Niliona ni heshima vijuane mapema. Ikafika mahali mashine ikauliza Linux ikae kwenye diski ipi, ikaonya kwamba nitakayoichagua itafutwa yote. Diski zilikuwa mbili, ya kompyuta yenyewe na ya mzee. Moja inaitwa sda, nyingine sdb, kama mapacha waliopewa majina na mtu aliyekuwa anawahi gari. Nikachagua mmoja. Ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ninayo. Ikafanya.

Juzi, mambo yote yametulia, nikafungua folda ya diski ya picha ili mzee aanze safari. Folda ilikuwa tupu. Mzee hayumo, karakana yake ya samani haimo, harusi ya dada yako haimo. Niliifunga nikaifungua tena, polepole, kama mtu anayeangalia sufuria aliyoiacha imejaa.

Sasa unielewe vizuri. Silalamiki kwamba nilikosea. Nalalamika kwamba nilisikilizwa. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijapata kutoa amri ikatekelezwa mara ya kwanza. Nikisema taa izimwe, naitikiwa “naja”, na huyo ajaye sijawahi kumwona. Nilishatangaza kwamba kochi kuukuu litupwe. Halikutupwa, na ndilo nililokalia kukuandikia, na ni zuri. Hata bohari, ambako mimi ni naibu msimamizi, nikiwaambia wapakizi mzigo uende kushoto, wao hutazamana kwanza, kisha wanaupeleka unakotakiwa. Kwa hiyo amri zangu, shemeji, ni rasimu. Nazitoa nikijua zitapita mikononi mwa watu wenye akili, zitapunguzwa, zitasahauliwa, na mwisho litafanyika jambo la maana. Hivyo ndivyo familia hii ilivyosalimika mpaka leo.

Mtu wa aina hiyo, wewe ukampa mashine inayotii. Tena kimya kimya, bila feni.

5. Kuhusu wataalamu wa mtandaoni. Niliingia kwenye jukwaa la watumiaji wa Linux nikaeleza kwamba nina rafiki yangu amefuta diski. Walikuja wengi, na wote waliuliza swali moja: rafiki yako alikuwa na nakala? Waliuliza kwa sauti ya watu waliofika msibani wakitaka kujua kama marehemu alikuwa anameza dawa zake. Mmoja tu alinihurumia, akashauri diski isiguswe tena kabisa, isichomekwe popote, mpaka apatikane fundi wa kufufua vilivyofutwa. Nimetii. Nimeivingirisha kwenye taulo na kuilaza sandukuni, chini ya nguo za baridi. Nikipita hapo napunguza mwendo.

Kwa kuwa wewe ni mwenyeji wa mambo hayo, naomba unifikishie mapendekezo yafuatayo kwa wanaohusika na Linux, popote wanapokaa.

Kwanza, mtu akiamuru kufuta, mashine iitike “naja”, kisha isifanye chochote mpaka iitwe tena kwa hasira.

Pili, akiita tena, imwulize kama mwenzake wa nyumbani anajua. Akijibu anajua, mashine isiamini, itume ujumbe kwa huyo mwenzake.

Tatu, vitu vikiwa vya ukweni, kuwe na kikao. Wahudhurie wakubwa wa pande zote mbili, asiwepo mtu wa kujibu kwa kutikisa kichwa tu, na mashine isubiri muhtasari uliotiwa saini.

Nne, mimi nivuliwe ule ukubwa wa sudo mara moja, nao apewe mama, ambaye ameshaonyesha kwa vitendo kwamba anaweza kuizima pale inapobidi.

Hayo ni ya baadaye. La sasa hivi, na hili naliandika nikiwa nimeinamisha kichwa, ni picha. Mama amewaalika rafiki zake Jumamosi waje wamwone mzee kwenye televisheni. Ameshafua vitambaa vya makochi. Amepanga nani atakaa wapi. Jana alinitaka ushauri avae gauni gani, kwa sababu anasema mzee hakulipenda lile la bluu. Nilimshauri lile la kijani, nikatoka nje nikasimama barabarani kwa muda.

Najua kwenye simu yako zimo picha chache za baba yako. Tafadhali nitumie zote ulizonazo, hata zile alizofumba macho, hata zile ambazo limeonekana sikio tu. Zitume kwa anwani ya kazini. Dada yako usimguse kwa neno. Nitamweleza mwenyewe, siku nikipata sentensi ya kuanzia. Kwa mama sijui nitasema nini. Mtu alifiwa mara moja, akazoea kwa shida. Siwezi kuwa mimi wa kumfanya afiwe mara ya pili kwa kubonyeza “ndiyo”.

Nisalimie mkeo, watoto, jirani yako yule aliyenicheka nilipoteleza kwenye ngazi, na kila anayeniulizia. Asiyeniulizia naye msalimie, huenda ameghafilika tu.

Mimi, mume wa dada yako, ninayekuheshimu pamoja na yote,

Shemeji yako wa bohari

Nyongeza: Usitume picha.

Bahasha nilikuwa sijaifunga. Jana dada yako alifungua sanduku kutafuta taulo, akaliona lile, akalikunjua, akaikuta diski. Hakuja kuniuliza. Aliipeleka sebuleni akaichomeka nyuma ya televisheni, ambako kumbe kuna tundu linaloupokea waya wake sawasawa, na limekuwepo tangu tuinunue. Picha zikatoka zote. Haikukosekana hata moja.

Nimerudi jukwaani, safari hii kwa jina langu, nikaelezwa kwamba kwenye Linux diski ya nje si lazima ijifungue yenyewe. Mpaka uiamuru iunganishwe na folda yake. Mimi nilikuwa nachungulia folda isiyounganishwa na kitu, nikaililia. Yule pacha niliyemchagua siku ile alikuwa ndiye. Kwa hiyo lalamiko la nne nalifuta, na mapendekezo yote yaliyozaliwa nalo. Mashine ilinitii, na mimi nilikuwa sahihi. Mambo hayo mawili hayajawahi kutokea pamoja katika nyumba hii, ndiyo maana sikuyatambua.

Leo ni Jumamosi. Rafiki zake mama wamejaa sebuleni, na mzee yuko mbele yao, mkubwa kama mlango. Katika kila picha amesimama mbele ya samani aliyoitengeneza, kifua mbele, mkono mmoja juu yake. Mama alimtazama mpaka wenzake wakaacha kunong’ona. Kisha akaniita.

“Mkwe, mwambie asogee kidogo. Anaziba kabati.”

Nimetafuta amri ya kumsogeza, sijaipata. Kama unaijua, nitumie haraka, wageni bado wapo.