Uji wa Kunenepesha

Jumapili, 1 Juni 2003

Zipu ya sketi imepasuka kanisani. Katikati ya sala! Nikafunika na leso ya mtoto. Hakuna aliyecheka. Wamama walinipongeza, ati Baba Kasyoki ananitunza. Baba Kasyoki yuko Loitokitok na shamba lake la nyanya. Nilimwona mara ya mwisho Pasaka.

Soila wa maziwa naye alinizunguka hapo langoni kama mnunuzi. Akasema ng'ombe akinona hivi baada ya kiangazi, kwao Wamaasai hauzwi. Nikamshukuru. Sijui kwa nini.

Ni vidonge. Nilipomzaa Kasyoki nilikuwa nalala tu nikiangalia mabati, mtoto analia. Daktari wa Kajiado akanipa hivi. Sasa akilia, naamka. Lakini njaa vinavyoniletea! Nakula hata ukoko. Kuviacha, siwezi. Kusema pia siwezi. Kwa ploti hii ya vyumba vya kupanga, ukitaja dawa ya akili, watu wataita watoto wao ndani ukipita.

Jumanne, 3 Juni

Mama Mureithi wa mlango wa pili amekuja kukopa chumvi. Chumvi gani! Alitaka siri yangu. Yeye amekonda hadi pete ya ndoa ameizungushia uzi isianguke. Ploti nzima inasema bwanake anamtesa.

Nilitaka kumwambia ukweli, kweli kabisa. Nilifungua mdomo. Ikatoka: uji.

Akauliza uji gani. Wimbi, nikasema. Njugu. Na... macho yakaangukia sufuria... maji ya kuchemshia maharagwe.

Ameenda bila chumvi.

Ijumaa, 6 Juni

Ploti yote inanuka maharagwe. Mama Mureithi anakunywa asubuhi na jioni, amefumba macho. Hajaongeza hata shavu. Tumbo lake nalisikia kupitia ukuta, kama posho mill ikisaga mahindi.

Amemwambia Soila, kwa sauti ya kunifikia, kwamba Wakamba ni wachoyo, kuna kitu nimemficha. Nami nikaiambia kamba ya nguo kwamba uji hauwezi kunenepesha mtu ukipikwa kwa sufuria isiyosuguliwa.

Basi hatuongei. Leo kutwa nimeongea na Kasyoki peke yake. Yeye anajua neno moja, hapana. Mimi ndiye nilimfundisha, asiguse makaa. Analitumia kwa kila kitu.

Jumanne, 10 Juni

Kliniki. Hapa Isinya pia wanatibu, lakini anayeita majina huko anaimba na mimi kwaya. Kwa hivyo Kajiado. Kwa ploti nilisema namwona shangazi mgonjwa. Mama Mureithi alikuwa ameshatoka, ati soko la mifugo, kuangalia mbuzi.

Kwenye benchi, mama mmoja alikuwa amejifunika leso hadi puani. Nikaketi. Nikaona pete. Uzi!

Tukaangaliana. Akasema mbuzi leo ni ghali. Nikasema shangazi yuko wodi ya huko nyuma.

Nesi akatoka na sauti yake ya mnada. Akasema yule dawa inamkondesha aingie kwa daktari, na yule inamnenepesha aje apande mizani.

Tukasimama pamoja.

Mizani haikunihurumia. Daktari amesema atanibadilishia polepole, nisiache kumeza. Nilipokuwa ndani, Mama Mureithi alimshika Kasyoki bila kuombwa. Nimetoka nimepata mtoto amelala kifuani kwake, pale kwa mifupa mitupu. Nilitaka kuketi hapo tu, hata bila kuongea.

Nikamwambia asante, tunachelewa.

Kwenye basi kiti kimoja kilikuwa wazi, kando yake. Nimesimama hadi Isinya, mtoto mgongoni.

Jumatano, 11 Juni

Mama Mureithi amebisha. Ameuliza shangazi anaendeleaje. Nikasema amepata nafuu. Nikauliza mbuzi. Akasema alitoroka.

Akabaki mlangoni. Chai ilikuwa jikoni, ya kutosha wawili. Kasyoki akamnyooshea mikono, na kwa mara ya kwanza hakusema hapana. Huu ndio wakati, nikajiambia. Sema, mama, sema!

Yeye akatangulia. Akauliza, polepole, kama kwa ule uji hakuna kitu nilisahau.

Nikamwambia ndizi mbivu.

Amefurahi sana. Chai nimekunywa yote, yangu na yake.

Lakini sitashikwa tena. Nimepanga vizuri: mwezi ujao nachukua basi la kwanza, namalizana na daktari kabla Mama Mureithi hajafika.

Amerudi sasa hivi. Anauliza basi la kwanza la Kajiado hupita saa ngapi.

Nimemwambia sijui.