Faili la Racheal Lililolala Mbale

Sajini Mkuu Mstaafu Jimmy Opio,
Walukuba, Jinja.
14 Mei

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Udahili wa Shahada za Utafiti,
Idara ya Fizikia, Mbale.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: BINTI YANGU RACHEAL NA MIEZI TISA YA KUSUBIRI

Mimi ni baba yake Racheal, mwombaji wa nafasi ya shahada ya uzamivu katika fizikia. Nimestaafu kazi ya magereza baada ya miaka thelathini na moja, nina afya njema, na nina muda mwingi. Hayo matatu nayataja mapema ili mjue mnashughulika na nani.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa kazi. Racheal amenionya kwamba huko kwenu wapo wanaosikia Kiswahili wakakumbuka vizuizi vya askari barabarani. Naomba wasinyanyue mikono. Nimekuja kwa amani, na malalamiko yangu ni sita tu.

Kwanza, mapokezi. Agosti mwaka jana mimi na Racheal tulikuja Mbale na nakala mbili za maombi yake, zimejalidiwa vizuri kwa rangi ya bluu. Katibu wenu, Bi. Nambozo, alizipokea kwa heshima, akagonga mhuri, akasema, "Mtasikia kutoka kwetu." Tumesikiliza tangu siku hiyo. Tumesikiliza mpaka mama yake Racheal, Janepher, akaniuliza kama simu yangu ni nzima. Mheshimiwa, gerezani mtu analetwa saa kumi na karatasi moja ya mahakama. Saa kumi na moja ana namba, ana blanketi, na anajua atalala wapi. Kwa miaka thelathini na moja sikumwambia mtu hata mmoja arudi nyumbani asubiri tutamwita. Na wale hata hawakuwa wameomba.

Pili, barua za mapendekezo. Fomu yenu inataka watu wawili wanaomfahamu mwombaji wamwandikie. Mmoja wa walimu wake wa chuo alihamia ng'ambo na hajibu ujumbe. Basi nikaandika mimi, kurasa tatu, kwa mkono. Mimi namfahamu Racheal tangu alipokuwa na umri wa saa moja. Wala sikumpendelea: niliandika wazi kwamba huacha chupa ya chai bila kifuniko, kwamba akikasirika hanuni wala hagombi bali huanza kupanga vitabu, na kwamba akiwa na miaka saba aliifungua redio yangu akaifunga tena, skrubu tatu zikabaki nje, na redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Barua hiyo mliirudisha mkisema mzazi haruhusiwi. Mkaipokea ya mwalimu mkuu wa shule anakofundisha, ambayo inasema hivi, neno kwa neno: "Mwalimu Racheal ni mtiifu na mnadhifu." Mimi si msomi, lakini ningependa kuambiwa unadhifu katika fizikia unapimwa kwa kipimo gani.

Tatu, pengo. Hapa naomba mvumilie, kwa sababu inaelekea hamkulisoma pendekezo lake la utafiti, kwa hiyo nitawaeleza kama alivyonieleza mimi. Ipo gesi inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu. Hutoka ardhini na katika matofali, hujikusanya ndani ya nyumba zisizopitisha hewa, na mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Racheal anataka kujua nyumba zetu za Walukuba, na zile za matofali ya kuchoma kule Budondo, zina gesi hiyo kiasi gani. Anataka kujua kwa sababu watu wanalala humo.

Ili aanze, alitundika vikombe vidogo vya plastiki katika nyumba kumi na tano. Ndani ya kila kikombe kuna kipande cha plastiki maalumu ambacho gesi hiyo huacha alama juu yake, na kikombe kinatakiwa kukaa ukutani miezi mitatu. Siku ya pili tu Hajati Mastula, jirani yetu wa mlango wa tatu, akaja na kikombe chake mkononi. "Afande," akaniambia, "mimi na mzee Zubair tumeoana miaka arobaini. Serikali inataka kusikia nini tena?" Kumbe mtaa mzima ulikuwa umekata shauri kwamba ni vinasa sauti, kwa kuwa vimetoka nyumbani kwangu. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuwatoa wasiwasi. Nakiri kwamba kuvaa sare hakukusaidia. Vikombe tisa vilirudishwa kabla ya chakula cha mchana, kimoja kikiwa kimeviringishwa ndani ya taulo ili kisisikie mambo njiani.

Racheal hakunigombeza. Alipanga vitabu. Kisha akaenda mwenyewe, akaketi na Hajati jikoni kwake, akakifungua kikombe, akamwonyesha ndani hakuna waya wala betri. Akamwambia habari ya mapafu. Hajati ana dada yake aliyekufa kwa kifua na hakuna aliyemweleza sababu. Alikitundika tena kwa mkono wake mwenyewe, na Hajati akikubali jambo, Walukuba haina budi. Vyote tisa vikarudi ukutani.

Halafu Racheal akahitaji matofali ya kusaga na kupima. Aliyatoa mawili katika ukuta wa jiko la mama yake, Jumapili, mama yake akiwa kanisani. Yaliyosemwa baada ya ibada sitayaandika katika barua ya heshima.

Baada ya yote hayo, Novemba mkamrudishia pendekezo lake na sentensi moja: "Pengo la kiutafiti halionekani." Mheshimiwa, pengo lipo. Liko jikoni kwetu, upande wa kushoto wa meko. Paka anapitia. Karibuni mlitazame siku yoyote, isipokuwa Jumapili, maana Janepher bado ana maneno.

Nne, usaili wa Februari, maana hata hivyo mlimwita. Nilimsindikiza, ingawa hakuniomba. Dirisha la chumba chenu lilikuwa wazi na benchi lilikuwa chini yake, kwa hiyo niliyoyasikia sikuyatafuta. Mmoja wenu, mwenye sauti nzito, alimwambia, "Una miaka thelathini na nne na hujaolewa. Ukiolewa katikati ya utafiti, itakuwaje?" Kisha nikasikia sauti ya binti yangu, pole kabisa: "Radoni itaendelea kutoka, Profesa."

Nikapiga makofi. Sikuweza kujizuia. Askari wenu wa lango akaja kunitoa, akanishika juu ya kiwiko, mahali ambapo mtu yeyote mwenye nia mbaya angechomoka bila shida. Nilimwonyesha pa kushika, akanishika sawasawa, tukatoka. Kwa hiyo lalamiko hili lina vichwa viwili: lile swali, na mafunzo ya yule askari. La pili linaweza kurekebishwa kwa asubuhi moja.

Tano, msimamizi. Racheal aliambiwa kwamba Dk. Nandutu, aliyekubali kumsimamia, tayari ana wanafunzi wengi na kanuni haimruhusu kuongeza. Basi mimi najitolea. Nimewahi kusimamia watu mia nne kwa wakati mmoja, na katika miaka yangu yote alinitoroka mmoja tu, naye alirudi mwenyewe siku ya nyama. Fizikia atabaki nayo Dk. Nandutu. Mimi nitahakikisha mtu anaketi na anaandika. Nimesikia kwamba huko kwenu kuna watu waliopewa miaka mitatu na sasa wako mwaka wa tisa, hawajui watatoka lini, na wengine wamezeeka humo. Kwetu jambo kama hilo lingefikishwa kwa hakimu.

Sita, kimya chenu. Niliwaandikia Oktoba, nikawaandikia Januari, nikawaandikia Machi. Kila barua niliipeleka mwenyewe Mbale, Racheal akidhani nimekwenda kumwona daktari wa macho, na kila moja ilipigwa mhuri wa kupokelewa mbele yangu. Hamkujibu hata moja. Nafahamu mna kazi nyingi. Lakini nimefanya kazi na watu ambao hawakuwa na haki ya kuandika barua zaidi ya moja kwa mwezi, na hao walijibiwa.

Sasa nieleze kwa nini siwezi kuendelea kusubiri. Wiki iliyopita shule anakofundisha, hapa Nalufenya, ilimpa nafasi ya makamu wa mwalimu mkuu, na wanataka jibu Ijumaa hii. Ni heshima kubwa, na ana haki nayo. Lakini makamu hushinda akitafuta walimu waliochelewa na wazazi waliokasirika. Hawezi kuhesabu alama za gesi. Juzi nilimkuta kibarazani akisahihisha mitihani, akasema bila kuinua kichwa, "Baba, labda niichukue tu. Wao angalau wamenijibu."

Mheshimiwa, kusikiliza watu waliokata tamaa ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Hawapigi kelele. Huanza kuzungumza kwa busara. Nilitamani atupe kitu ukutani.

Kwa hiyo natoa ombi, nalo ni la haki. Mpeni nafasi kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, naomba kamati nzima, watu watano, mje Walukuba kuomba udahili wa kuishi hapa kwetu. Kila mmoja aje na barua mbili za mapendekezo kutoka kwa watu wasio ndugu zake. Hajati Mastula atawafanyia usaili, na amekwisha kuniambia kwamba maswali yote yatakuwa ya ndoa. Yule wa sauti nzito ataanza. Baada ya hapo mtaketi kwenye benchi letu miezi tisa, nami nitapita kila asubuhi kuwaambia mtasikia kutoka kwetu. Mhuri ninao.

Nawasalimu wote mlioko idarani. Mnisalimie Dk. Nandutu, ambaye sina ugomvi naye, na Bi. Nambozo, ambaye ndiye pekee anayejua kila kitu kilipo. Yule askari wa lango mwambieni nimemkumbuka. Janepher anawasalimu, na Hajati anamsalimu yule profesa kwa namna ambayo nimekataa kuiandika.

Wenu katika utii, ingawa unapungua,

Jimmy Opio
Sajini Mkuu Mstaafu

Nyongeza:

Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Racheal alipoingia. Alikuwa ametoka kuzungumza na Bi. Nambozo kwenye simu. Inaonekana kamati yenu ilimpitisha tangu Februari, wote watano, hata yule wa sauti nzito, ambaye aliandika pembeni ya karatasi kwamba huyu ndiye aliyemjibu vizuri kuliko wote. Dk. Nandutu amepata nafasi kwa sababu mwanafunzi wake mmoja amemaliza. Faili limekamilika. Lakini kanuni ya chuo inasema faili lenye lalamiko halipelekwi Seneti kuidhinishwa mpaka lalamiko lijadiliwe na kikao maalumu, na kikao hicho huketi mara moja kwa muhula na hujadili barua moja moja. Barua ya Oktoba imejadiliwa. Ya Januari inasubiri. Ya Machi iko nyuma yake.

"Baba," Racheal akaniuliza, "umewaandikia barua ngapi?"

Nikamwambia tatu. Akatazama mezani akaiona hii. Akaichukua akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi niliyewapekua watu maelfu nilisimama pale nisijue niweke wapi mikono. Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Ile ya mapendekezo ulikuwa umeandika habari ya redio? Hukuniambia." Halafu akaenda kupanga vitabu.

Ningeichana barua hii, lakini Bi. Nambozo anasema malalamiko hayaondolewi kwa mdomo. Lazima mlalamikaji aandike, aweke saini, na ataje kila lalamiko kwa namba. Barua zangu tatu zilikuwa na mambo haya haya, kwa ukali zaidi. Yote yako hapo juu, la kwanza mpaka la sita, na saini ipo. Kwa hiyo naomba muipokee hii kuwa barua ya kuyaondoa. Mapokezi yenu ni mazuri. Mzazi kweli asiruhusiwe. Pengo halionekani. Swali la ndoa lilikuwa la kawaida kabisa, na Mungu anisamehe.

Racheal ataileta mwenyewe kesho asubuhi. Mimi nimeamriwa kubaki Jinja, na nimetii. Shule amekwisha kuijibu: amesema hapana, asante. Kwa hiyo tafadhali sana, Mheshimiwa, Seneti.

Ninalo lalamiko la saba, linahusu kanuni hiyo ya malalamiko, nalo ni kubwa kuliko yote sita. Nitalihifadhi mpaka siku atakayovaa joho. Ukurasa wa kwanza nimeshaumaliza.