Bata wa Upepo na Mtelezo Uliopimwa Nchi Kavu

Stoo ya nyuma, sitaha ya chini,
Tarehe kumi na nne, mwezi wa tano,
Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa tangu niondoke kwetu.

Kwa Mheshimiwa Bi Mkubwa, mwenye yoti hii na vyote vinavyoelea pembeni yake,

YAH: OMBI LA KURUHUSIWA KURUDI KWETU KABLA YA MKATABA KUISHA, KWA SABABU YA BATA NA WENZAKE

Pokea salamu zangu pamoja na heshima. Najua barua zetu watumishi hupitia kwa nahodha, nahodha huzipeleka ofisini, na ofisini huzifupisha. Ile ya mwaka juzi, yenye kurasa nne, ilikufikia ikiwa na maneno mawili: "Mzee analalamika." Hii nakuomba uisome mwenyewe, maana yaliyomo hayafupiki.

Mimi ndiye mzee wa stoo ya nyuma ambaye mabaharia humwita Mzee Kiraka. Umeniona mara nyingi, ingawa kwa kawaida huwa niko ndani ya kitu ninachokikunja. Zamani nilikuwa fundi baiskeli. Benchi langu lilikuwa chini ya bomba refu la moshi la kinu cha kusaga nafaka, mtaa wa bondeni, na nililikalia miaka kumi na miwili, mpaka wakubwa walipoamua bonde lile liwe bwawa la maji ya kunywa ya mji. Tulipewa miezi mitatu ya kuhama. Dada yangu alipanda mlimani na nyumba yake, yaani milango, madirisha na matofali yaliyokubali kung'oka. Mimi sikuwa na cha kupandisha ila pampu, karai na kopo la solusheni ya kubandikia viraka. Nikaondoka navyo, nikaja kwenye maji ya watu wengine.

Dada ameniwekea chumba. Kina dirisha moja linalotazama bondeni. Huniandikia kwamba maji yale yametulia kama maziwa kwenye bakuli, na hairuhusiwi kutia hata kidole, kwa sababu watu wanayanywa. Bi Mkubwa, hapo ndipo ninapotaka kukaa: mbele ya maji ambayo hayachezewi na mtu. Mkataba wangu bado una miezi ishirini. Naomba unifungue sasa. Sababu zangu ni hizi.

1. Idadi. Nilipoajiriwa, miaka kumi na mmoja iliyopita, yoti hii ilikuwa na kayaki mbili na tairi moja la kuvutwa nyuma ya boti. Leo asubuhi nimehesabu vitu arobaini na vitatu. Kuna pikipiki za maji nne, mbao tisa za kusimamia na kupiga kasia, trampolini ya kuelea, mtelezo wa kuteremkia majini kutoka sitaha ya juu, kidimbwi cha wavu cha kuogelea ndani ya bahari (ambayo nayo, kwa taarifa ya ofisi, ni ya kuogelea), na bata wa kujazwa upepo mwenye urefu wa mita sita. Stoo ilijengwa kwa ajili ya kamba na maboya. Sasa kamba zinalala kitandani kwangu, nami nalala kwa kuziomba radhi. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jumanne nilirejea ngamani, chini kabisa ya chombo, nikakuta bata yumo.

2. Ununuzi. Nimekuona unavyonunua. Kitabu cha picha huletwa pamoja na chai. Unafungua, unaona watu wanacheka, unaweka kidole, unasema, "Hiki." Sijawahi kukusikia ukiuliza kikilowa kina uzito gani. Mtelezo ukiwa mkavu hubebwa na watu wanne. Ukilowa, wale wanne huanza kukumbushana makosa ya zamani. Anayenunua kitu cha upepo sharti aulize valvu iko upande gani, kama ya akiba inapatikana, kama kiraka kinashika kwenye kitambaa chake, na kinakunjwa na watu wangapi. Kicheko cha kwenye picha si kipimo. Wale wakishapigwa picha huenda zao, hawakikunji.

Tena mtelezo hushonwa kwa kimo cha yoti yenyewe. Kipimo alikichukua nahodha, mtu ninayemheshimu, siku yoti ilipokuwa chelezoni, imepandishwa nchi kavu kupakwa rangi. Alisimama sitaha ya juu akashusha futi kamba mpaka ikagusa chini. Chini palikuwa na saruji. Nikamwambia, "Nahodha, yoti ikiwa majini huzama kidogo, maji yatakuwa juu ya hapo." Akanijibu, "Mzee Kiraka, hii siyo baiskeli." Ukaja mtelezo uliozidi kwa mita nne, na mita hizo nne hulala bapa juu ya maji kama mkeka. Mgeni huteremka kwa kelele, akafika kwenye ubapa, akakwama. Hukaa pale kama mzigo uliosahauliwa bandarini, akitazama huku na huku, mpaka niende na upondo, mti wetu mrefu wa kusukumia boti, nimsukume baharini. Mpaka leo nimesukuma jaji mmoja, maharusi wawili na daktari wa meno.

3. Kuoga. Chumvi haina urafiki na kitu cha upepo. Kila kitokacho baharini sharti kioshwe kwa maji matamu, kikaushwe kivulini, kipakwe poda kwenye mikunjo, ndipo kikunjwe. Ukikikunja na unyevu, baada ya wiki mbili kitaota ukungu na kunuka kama soksi za baharia. Na maji matamu humu tunayatengeneza kwa mashine kutoka bahari hiyo hiyo, wala hayatoshi. Jumamosi iliyopita mpishi aliambiwa apunguze maji ya kuoshea mboga ili bata aoge. Alitoka jikoni na kisu mkononi, akasimama mlangoni pa stoo, akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, huyo bwana atakula mezani na wageni, au nimletee sinia huku huku?"

Nilimwambia bado anakauka.

"Basi mwambie," akasema, "mimi bata nawajua. Jikoni huingia mara moja tu."

Tangu siku hiyo, mpishi akipita namfunika bata turubai.

4. Kusikiliza. Pancha ya baiskeli ni jambo la heshima. Unatoa tyubu, unaichovya kwenye karai, mapovu yanakuonyesha. Bata wa mita sita hana karai lake. Nilipendekeza tumchovye kwenye bwawa la sitaha ya juu, nahodha akasema hilo nalo lina wageni. Kwa hiyo mimi hutumia shavu. Shavu husikia upepo ambao povu la sabuni halijauona. Ila ili lisikie sharti uliweke, na bata huyu huvujia kifuani, pale pale ambapo moyo ungekuwepo. Mwezi uliopita wageni wako wawili, mume na mke, walinikuta nimemkumbatia, macho nimeyafumba. Mke akasema, "Maskini, babu wa watu." Mume akamwambia, "Mwache, atakuwa mpweke."

Bi Mkubwa, sikuwa mpweke. Nilikuwa kazini.

5. Wachezaji. Penye miti hapana wajenzi. Msimu uliopita vitu vyote vilijazwa upepo na kushushwa majini kwa siku kumi na tisa. Nina daftari: vilichezewa dakika hamsini kwa jumla, na kati ya hizo kumi na mbili ni za waliokaa mwisho wa mtelezo wakinisubiri mimi na upondo. Wageni hukaa ndani penye ubaridi, wakampiga bata picha kupitia kioo, wakaagiza kahawa. Na wewe mwenyewe, kwa heshima zote, sijakuona hata siku moja ukitia mguu. Nahodha anasema unachelea nywele. Mimi nilikutetea. Nilisema Bi Mkubwa ana mambo mengi, na nywele ni mojawapo.

6. Afya. Nilipopelekwa kwa daktari wa bandarini kwa ajili ya goti, aliniwekea chombo chake kifuani akasema, "Vuta pumzi. Haya, toa." Nikamuuliza nitoe mpaka ifike ngapi. Akaandika maelezo marefu kuliko goti lilivyostahili. Mtu akipiga chafya, nageuka kutafuta valvu. Nikikalia kiti, mkono wangu unapapasa pindo kutafuta mshono. Hayo ningeyavumilia. Lakini kumbukumbu zangu nazo zimeanza kuvuja. Jana nilitaka kukumbuka mlango wa kinu ulikuwa wa rangi gani, mlango niliouangalia miaka kumi na miwili nikiziba pancha, nikapata rangi ya chungwa. Chungwa ni rangi ya bata. Mlango ulikuwa rangi nyingine, na hapa hakuna mtu wa kumuuliza. Dada anaikumbuka. Nataka kumuuliza uso kwa uso, tukiwa tumekaa dirishani, kabla bata hajamaliza na mengine.

7. Meli ya pili. Nimesikia kwa nahodha kwamba, kwa kuwa stoo imejaa, unafikiria kununua chombo cha pili cha kufuata nyuma na kubeba vya kuchezea. Naomba tuhesabu pamoja, taratibu. Chombo hicho kitakuwa na mabaharia. Mabaharia hao watakuwa wanaviangalia vya kuchezea mchana kutwa bila kuvichezea, nao wataingiwa na huzuni. Ofisi itaona huzuni hiyo, itawanunulia vya kwao, maana ofisi haijui dawa nyingine. Vya kwao havitakuwa na mahali. Kitahitajika chombo cha tatu. Sitafika mbali zaidi, ila naona mbele yangu msafara mrefu, na mwisho wake kabisa yuko mzee mmoja na karai. Bahari ni kubwa, Bi Mkubwa, lakini si stoo.

Kwa sababu hizi saba naomba nishuke bandari ijayo. Sanduku nimekwisha kulifunga. Atakayeshika nafasi yangu asiwe na ndevu, zinaziba shavu lisisikie upepo. Na awe mtu asiyetoka bondeni. Nitamwachia upondo. Pampu naondoka nayo, nilikuja nayo.

Nisalimie nahodha, na umwambie futi kamba yake niliificha kwa nia njema. Nisalimie mpishi, fundi wa injini, na dada wa kufua mashuka, ambaye mwaka mzima ameninyooshea shati bila kuambiwa. Wasalimie yule mume na mke. Msalimie muuza kitabu cha picha, na watu wote wanaocheka ndani yake. Natumaini wamekwisha kujikausha. Bata nitamuaga mwenyewe.

Nikushukuru kwa miaka kumi na mmoja ya chakula kizuri na bahari ya kila namna.

Wako katika kazi, kwa siku chache zilizobaki,
Mzee Kiraka

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kuweka sahihi, boti ya mboga ikaleta barua ya mpwa wangu, mtoto wa dada huyo huyo. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Shikamoo mjomba. Mama alinikataza nisikuandikie, anasema uachwe ufike ujionee, ila mimi nimezidiwa. Siku hizi mji unakunywa maji ya visima virefu, na bwawa limefunguliwa kwa michezo. Nimenunua bata. Nimenunua na mtelezo, nimeufunga kwenye lile bomba la kinu cha zamani, ncha yake bado iko juu ya maji. Sasa mjomba, nina tatizo. Nilipima wakati wa kiangazi. Mvua zimenyesha, maji yamepanda, watu wanateremka kidogo tu wanakwama. Wanakaa pale wananitukana mimi na mama yangu. Tena bata anavuja. Njoo mjomba, kazi ipo, na chumba chako dirisha linamtazama bata moja kwa moja."

Nimeisoma mara tatu, nimekaa juu ya bata wako kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa. Benchi langu liko chini ya bomba lile, hatua nne kutoka ukutani, upande wa mlango. Mpwa hana kosa. Alizaliwa bonde likiwa limekwisha kujaa, na kwake bwawa ni bwawa. Dada naye hana kosa, alinificha kwa kuwa alitaka nirudi. Mimi naweza kuziba pancha juu ya maji yoyote ya dunia hii, ila si juu ya hayo.

Kwa hiyo naomba ombi langu lihesabiwe kuwa halikuletwa. Barua yenyewe ningeichana, lakini namba mbili na namba tatu bado ni za kweli. Mpwa namjibu leo: asifunge mtelezo kwenye bomba, aufunge kwenye kitu kinachopanda na kushuka pamoja na maji, bata amwekee shavu kifuani, na amuulize mama yake ule mlango ulikuwa rangi gani, aniandikie.

Tafadhali agiza makopo matatu ya solusheni, mawili ya hapa na moja la kumpelekea mpwa. Sanduku nimelifungua, na kamba zimerudi kitandani.

Kwetu sirudi.