Chrispine Amebeba Nani?

Habari iliyotufikia kijiweni Rodi Kopany asubuhi hiyo haikutoka gazetini. Ilitoka kwa simu ya Mama Chris, anayetupikia chai na mandazi. Kijana wake Chrispine, anayetunza wazee huko Japani, alikuwa ametuma video: wanaume kama thelathini, makoti mafupi ya bluu, mabegani wamebeba kanyumba ka dhahabu juu ya miti, wanakarusharusha wakipiga kelele. Katikati yao Chris, mrefu kuliko wote. Kona yake imeinuka hadi Wajapani wawili wananing'inia.

"Hilo ni jeneza," akasema Gear Mbili, wa bodaboda.

"Jeneza gani lina paa?" akauliza Cephas, tunayemwita Google.

"La tajiri."

"Na mbona wanalitikisa?"

"Maiti amekataa kwenda. Si hata yule wa Kosele alikataa mpaka akaletewa redio yake?"

Google akasoma simu. "Hii ni sherehe, bana. Ndani kuna mungu wa mtaa. Wanambeba azunguke aone watu wake."

"Mungu wa kubebwa?" nikauliza. "Si wetu hutembea mwenyewe?"

Mama Chris akaacha kukanda unga. Hapo ndipo tulikumbuka Jumapili. Kanisa lilikuwa linachagua mwenyekiti wa akina mama, na jina lilikuwa lake pekee. Mwaka jana Bathsheba alinyang'anywa kiti hicho kwa sababu mumewe alikimbiza ng'ombe kwa tero buru, mila ya kufukuza kifo, babake alipozikwa. Na mume huyo hata hakubeba mungu wa mtu.

"Nimeshaiweka status," Mama Chris akasema polepole.

"Nani ameona?"

"Watu arobaini. Na Pastor."

Pastor Bichage alikuwa anavuka barabara, anakuja kwetu.

"Ni jeneza," akasema Mama Chris. "Mmesikia?"

"Mimi ndiye nilisema kwanza," akasema Gear Mbili.

Pastor akaketi, akapewa chai. "Mama Chris, nimeona video. Kijana amebeba nini?"

"Jirani, Pastor. Alilala."

Pastor akavua kofia. "Pole. Lakini mbona wanacheka?"

"Alikuwa na miaka mia moja na nne," Google akasaidia. "Huyo hata sisi tungemcheka kidogo."

Pastor akatikisa kichwa kukubali. Simu ikalia. Mama Chris mikono yake ilikuwa imejaa unga, kwa hivyo Gear Mbili, mtu wa msaada, akapokea na kuweka spika.

"Mathe, wamependa bega langu. Wamesema mwaka ujao nitambeba tena, mbele kabisa."

Mandazi yakaanza kuungua kwenye karai.

"Mwaka ujao," akasema Pastor. "Huyo huyo?"

Mama Chris akachukua kijiko, akageuza andazi moja, la pili, la tatu.

"Pastor, Japani ni visiwa. Mashamba hakuna. Bado wanamtafutia pa kumzika."

Pastor akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. Akaivaa kofia yake.

"Basi, Mwenyekiti," akasema, "Jumapili utatuongoza tumwombee apate shamba."